Riga hadi Tallinn kwa baiskeli: karatasi kwanza, kisha upepo

Kutoka Helsinki hadi Tallinn ni takriban kilomita 80 za bahari, na meli huzivuka kwa muda wa saa mbili hivi. Ukaribu huo ndio unaowaponza wengi. Mtu hukata tiketi, huingiza baiskeli yake melini, na kudhani kwamba ng'ambo ya Ghuba ya Ufini ni mtaa mwingine wa Helsinki wenye majengo ya kale zaidi. Kwa matembezi ya siku moja dhana hiyo haina madhara makubwa. Kwa safari ya siku tisa au kumi katika mashamba, misitu na visiwa vya Latvia na Estonia, maandalizi huanza miezi kadhaa kabla tairi halijagusa changarawe.

Tuanze na karatasi, kwa kuwa ndizo zinazoweza kuivunja safari hata kabla haijaanza. Estonia, Latvia na Lithuania zilijiunga na Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004, na tangu tarehe 21 Desemba 2007 zimo katika eneo la Schengen. Mpaka kati ya Estonia na Latvia hauna kizuizi wala foleni. Mwendesha baiskeli aweza kuuvuka bila kutambua. Lakini kukosekana kwa kizuizi hakumaanishi kwamba hati hazihitajiki. Raia wa Ufini husafiri kwa pasipoti au kwa kitambulisho cha uraia. Asiye raia anapaswa kuwa na vitu viwili kwa pamoja: hati halali ya kusafiria na kadi halali ya kibali cha ukaazi. Hati ya kusafiria ni pasipoti ya nchi yake, au hati ya kusafiria ya mkimbizi, au ile pasipoti ya mgeni ambayo Wafini huiita muukalaispassi. Kadi ya ukaazi peke yake haitoshi. Vilevile kitambulisho ambacho polisi wa Ufini huwapa wageni, ingawa hufaa kwa mambo mengi ya hapa nchini, si hati ya kusafiria.

Aliye na hati zote mbili anaruhusiwa kukaa katika nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180, muda unaotosha kabisa kwa baiskeli. Wanaopaswa kujihadhari zaidi ni wale wanaongoja kibali chao kiongezwe muda. Kukaa kwao Ufini wakati wa kungoja ni halali, lakini kadi iliyokwisha muda haiwasaidii wakiulizwa kitu bandarini Tallinn, na kurudi kunaweza kuwa kugumu kuliko kutoka. Anayeomba hifadhi na ambaye hajapata jibu hana ruhusa ya kutembelea nchi jirani, na kadi yake ya uombaji haimpi ruhusa hiyo. Watoto nao, hata wachanga waliozaliwa hapa, kila mmoja huhitaji hati yake mwenyewe. Kwa kuwa hati za wakimbizi na pasipoti za wageni hutolewa na Idara ya Uhamiaji, na maombi huchukua muda, familia inayotaka kuondoka Julai yafaa itazame tarehe zilizomo katika hati zake wakati theluji ingali chini.

Wakati huohuo ni vema kufikiria kupe. Wafugaji wa Kivu na wa Ankole wanamjua kupe kama adui wa ng'ombe. Katika nchi za Baltiki yeye ni adui wa binadamu. Nchi hizo tatu zimo miongoni mwa zile za Ulaya zenye visa vingi zaidi, kwa kulinganisha na idadi ya watu, vya homa ya ubongo inayoenezwa na kupe. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya, ila una chanjo. Chanjo hutolewa kwa awamu, na kati ya sindano ya kwanza na ya pili hupita kwa kawaida mwezi mmoja hadi mitatu. Anayekumbuka jambo hili wiki moja kabla ya safari amechelewa. Kadi ya Ulaya ya bima ya afya, ambayo Kela huitoa bila malipo kwa walio katika bima ya afya ya Ufini, humwezesha mgonjwa kutibiwa katika hospitali za umma kwa masharti yaleyale ya wenyeji. Haigharimii kurudishwa nyumbani, hivyo bima ya safari bado ina kazi yake.

Sasa upepo. Ardhi ya nchi hizi ni tambarare kiasi kwamba kilele cha juu kabisa cha Estonia, Suur Munamägi, kina mita 318, na kile cha Latvia, Gaiziņkalns, mita 312. Hakuna mlima wa kumtoa mtu jasho, lakini hakuna pia mlima wa kumkinga. Katika pwani hii upepo huvuma mara nyingi kutoka kusini-magharibi. Anayeondoka Tallinn kuelekea Riga, kama ramani inavyomshawishi, huenda akaupokea usoni siku baada ya siku. Manahodha wa majahazi ya pwani yetu hawakufanya kosa hilo: aliyetaka kwenda Arabuni alingoja kusi imsukume, hakung'oka nanga kwa sababu tu mzigo ulikuwa tayari. Mwendesha baiskeli na afanye vivyo hivyo. Aende kwanza kusini kwa treni, kisha arudi kaskazini akiwa na upepo mgongoni.

Njia ya reli ipo. Treni za Estonia huchukua baiskeli maadamu nafasi inapatikana, nazo hutoka Tallinn kupitia Tartu hadi Valga, mji wa mpakani. Hapo msafiri hupanda treni ya Latvia inayokwenda Riga. Nafasi za baiskeli ni chache na ratiba hubadilika, kwa hiyo tiketi ikatwe mapema. Mabasi ya masafa marefu hayana uhakika huo: baiskeli hupakiwa pale tu buti linapokuwa na nafasi. Kama kuna muda kati ya treni mbili, Valga yafaa kutazamwa. Mwaka 1920, Waestonia na Walatvia waliposhindwa kukubaliana ni nani auchukue mji huo, kamishna Mwingereza aitwaye Stephen Tallents aliugawa, upande mmoja ukawa Valga na wa pili Valka. Msomaji aliyekulia Goma, ambako mpaka na Gisenyi hupita katikati ya maisha ya watu, hatahitaji maelezo marefu. Tofauti ni kwamba hapa siku hizi mtu hununua mkate ng'ambo na kurudi bila kuulizwa neno.

Kutoka Riga, usijichoshe na magari ya jiji. Treni ya kitongoji huenda hadi Saulkrasti, na hapo ndipo baiskeli yafaa kuteremshwa. Sehemu inayofuata, hadi Salacgrīva, ndiyo mbaya kuliko zote. Barabara kuu ya Via Baltica hupita hapo kando ya bahari ikiwa na malori yatokayo Poland kuelekea Tallinn, na kingo zake mahali pengine ni nyembamba. Vijia vya pembeni vipo, vikiwemo vile vya Tūja vinavyofika kwenye majabali mekundu ya Veczemju, lakini havikuepushi na barabara kuu kwa urefu wote. Pita hapo asubuhi, mmoja nyuma ya mwenzake, mkiwa na fulana za rangi kali. Mwenye watoto wadogo afikirie kwa makini kama sehemu hii inamfaa. Kwa maoni yangu haimfai, na ni bora aanzie Pärnu.

Baada ya mpaka wa Ainaži mambo hubadilika ghafla. Upande wa Estonia ipo barabara ya zamani ya Riga, inayopita Treimani na Kabli karibu na maji huku malori yakipita mbali katika barabara mpya. Misonobari, nyumba za mbao, mabustani ya tufaha, na juu ya nguzo za umeme viota vya korongo weupe. Hao ni wasafiri wenzetu. Mwishoni mwa Agosti huanza safari yao kupitia Bosporus na bonde la Nile, na baadhi yao hufika Kenya na Tanzania.

Kutoka Pärnu ni siku moja ndefu, au mbili za starehe, hadi bandari ya Virtsu. Hapo kivuko hupeleka watu katika kisiwa cha Muhu, na daraja la tuta huunganisha Muhu na Saaremaa. Visiwa hivi ndivyo kiini cha safari. Barabara hazina pilikapilika, kuna ngome ya Kuressaare iliyojengwa katika Enzi za Kati, kuna shimo la Kaali lenye upana wa takriban mita 110 lililochimbwa na kimondo, na vinu vya upepo vya Angla viko njiani kuelekea bandari ya Triigi.

Enzi za utawala wa Kisovieti Saaremaa na Hiiumaa zilikuwa eneo la mpaka lililofungwa. Hata raia wa Muungano wa Kisovieti aliyeishi Tallinn hakuweza kwenda huko bila kibali maalumu. Mchanga wa fukwe ulipigwa reki ili nyayo za aliyejaribu kutoroka kwa mashua zionekane. Kabla ya hapo, katika vuli ya 1944, makumi ya maelfu ya Waestonia walikimbia kwa vyombo vidogo kuelekea Uswidi, na wengine hawakufika. Pwani hii tulivu, ambayo leo mtu huipita akitafuna karanga, ilikuwa pwani ya wakimbizi.

Kati ya Triigi na Sõru, iliyoko Hiiumaa, huvuka kivuko kidogo chenye safari chache kwa siku. Ratiba yake ndiyo itakayopanga siku zako nyingine, kwa hiyo ianze yenyewe katika daftari. Ukikosa safari ya jioni, utalala Triigi, mahali penye gati na utulivu na si mengi zaidi. Kutoka Hiiumaa kivuko kikubwa zaidi huondoka Heltermaa hadi Rohuküla, kilomita chache kutoka Haapsalu. Huko bado limesimama jengo la stesheni la zama za tsari, lenye jukwaa lililoezekwa la zaidi ya mita 200, lakini reli iling'olewa, na juu ya tuta lake imewekwa njia ya baiskeli inayokwenda hadi Turba. Haina kona wala gari. Turba ipo treni ya kuelekea Tallinn kwa aliyechoka. Kwa jumla, kutoka Riga ni karibu kilomita 500. Kilomita 50 au 60 kwa siku zamtosha asiye mzoefu, na kwenye changarawe apunguze.

Pa kulala pana kanuni zake. Walioishi Ufini wamezoea haki ya kila mtu, ambayo humruhusu mpita njia kupiga hema usiku mmoja msituni. Haki hiyo haivuki bahari ikiwa kamili. Katika Estonia mtu anaweza kutembea katika ardhi ya mtu isiyozungushiwa uzio wala kuwekwa alama, ila kwa saa za mchana. Kupiga hema humo kwahitaji idhini ya mwenyewe. Afadhali kutumia maeneo ya kambi ya RMK, shirika la misitu ya serikali, ambayo hayalipiwi na mara nyingi yana mahali pa kuwasha moto. Wakati wa ukame moto hupigwa marufuku, hata hapo. Katika Latvia tafuta kambi rasmi.

Usiku wa tarehe 23 Juni kuamkia 24, nchi zote tatu husherehekea sikukuu ya Yohana. Vivuko vya visiwani hujaa na maduka mengi hufungwa. Wiki zinazofuata zinafaa zaidi, ingawa Julai na Agosti huwa na mvua. Katika Estonia aliye chini ya miaka 16 analazimika kuvaa helmeti barabarani. Katika Lithuania ni chini ya miaka 18. Nambari ya dharura ni 112 kotekote, na sarafu ni euro.

Aliyesoma Kifini atasikia Kiestonia kama redio isiyoshika vizuri: vesi ni maji huku na huku. Lakini piim ni maziwa ya kawaida, si mtindi, na mkate wenye hallitus hauna serikali ndani yake bali ukungu. Kilatvia hakisaidiki kwa Kifini. Jifunze paldies, yaani asante.

Wapo watakaotamani kuendelea kusini hadi Lithuania, kwenye ulimi wa mchanga wa Curonia na kijiji cha Nida. Ni pazuri, ila kilomita chache baada ya Nida ni mpaka wa Kaliningrad, yaani Urusi. Upande wa mashariki tahadhari ni kubwa zaidi. Tangu 2021 Latvia na Lithuania zimeweka uzio na doria kali kwenye mipaka yao na Belarus, na mgeni mwenye begi mgongoni, hasa mwenye rangi yetu, atarajie kusimamishwa huko na kuulizwa hati. Njia ya pwani iliyoelezwa hapa iko mbali na mipaka hiyo.

Wakati wa kurudi, baiskeli huingia melini kwa mlango wa magari na hufungwa kwa kamba, kwa hiyo chukua juu kila utakachohitaji, zikiwemo hati. Ukishuka Länsisatama ukiwa umechoka, angalia reli za tramu: zikate kwa mkabala, si kwa kuambaa nazo, maana tairi likizama humo utaanguka ukiwa umebakiza dakika kumi kufika nyumbani.