Gazeti la Askari wa Mti

Mwezi Juni mwaka 1826 kasisi Patrick Brontë wa Haworth, nchini Uingereza, alirejea kutoka Leeds na sanduku la askari 12 wa mti, zawadi ya mwanawe Branwell. Charlotte, Emily na Anne nao wakajichagulia wao. Charlotte, msichana wa miaka 10, akamwita askari wake Duke wa Wellington. Branwell akamtwaa Bonaparte.

Kikosi hicho kikapewa nchi, vita na, kuanzia Januari 1829, gazeti lake. Ninyi wapiganaji mwajua jinsi gazeti linavyongojewa kambini! Lilikuwa dogo kama kibiriti, ili liwatoshe askari wale mikononi, na maandishi yake yaliiga herufi za mtambo wa chapa. Mtu mzima aliyasoma kwa taabu, wala hakualikwa.

Kijana wa leo, atengenezaye filamu fupi kwa simu na kuzisambaza kwenye intaneti, huhesabu watazamaji kabla hajaijua kazi. Watoto wale waliandika miaka mingi wakiwa wenyewe ndio wasomaji.

Mwaka 1846 akina dada walichapisha mashairi kwa gharama yao. Katika mwaka wa kwanza zikanunuliwa nakala mbili tu. Mwaka uliofuata kila mmoja alitoa riwaya, ya Charlotte ikiwa Jane Eyre.

Toleo moja la gazeti lile, la mwaka 1830, liliuzwa mnadani Paris mwaka 2019 kwa euro 600,000. Mnunuzi alikuwa chama kinachotunza nyumba yao, na gazeti limerudi Haworth.