Weka Kompyuta Sawa Kabla ya Kuandika Kilo za Majani

Bwana mkulima, nawe mama mkulima, twaa risiti moja ya majani yako ya chai uitazame tarehe. Sisi watu wa Kenya huanza na siku, kisha mwezi, kisha mwaka. Ikiwa imeandikwa 03/07/2023, kila mtu kutoka Litein mpaka Mogogosiek ajua kwamba ni tarehe tatu Julai. Lakini watu wa Marekani huanza na mwezi, na kwao maandishi hayo hayo ni tarehe saba Machi. Kompyuta nyingi hufika mikononi mwetu zikiwa zimepangwa kwa desturi ya Marekani, nazo hazimwulizi mtu anatoka wapi. Jambo hili dogo liliwagombanisha majirani, na kwa kuwa kosa lilikuwa langu, yafaa nilieleze mwenyewe.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Nilisomea ualimu, na labda ndiyo sababu watu huniita kila palipo na hesabu. Kikundi kimoja cha wakulima upande wa Konoin, katika kaunti ya Bomet, kilinunua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika ng'ambo. Shauri lao lilikuwa jema sana. Walitaka kuandika kilo za kila mwanachama kutoka kwenye risiti, wazilinganishe na hesabu ya kiwanda, na pia wapate kujua nani anaweza kukopeshwa kutoka sanduku la kikundi, maana mkopo wao hufuata kilo za mwezi. Nilifunga waya zote, nikamfundisha kijana mwandishi wao kutumia jedwali la Excel, nikanywa mursik, nikaenda zangu. Mipangilio ya tarehe sikuitazama hata kidogo.

Mwezi wa Agosti 2023 wakachapa karatasi ya kilo za Julai. Mama mmoja mjane alikuwa amepeleka majani mara mbili mwezi huo, kilo 38 tarehe tatu na kilo 41 tarehe kumi na tano. Karatasi ikasema hana hata kilo moja. Akanyimwa mkopo, na mkopo huo ulikuwa wa karo ya shule. Wengine nao wakajiona wamepunguziwa, na makelele yakaanza. Mzee mmoja tu ndiye kilo zake zilionekana zote, naye kwa bahati mbaya alikuwa mjomba wa yule kijana mwandishi. Basi unaweza kufikiri mwenyewe maneno yaliyosemwa. Kijana akaitwa mwizi mbele ya watu, akanyang'anywa ufunguo wa chumba cha kompyuta.

Niliitwa baada ya wiki mbili. Mtoto wa yule mama alikuwa bado nyumbani.

Nilipofungua jedwali nikaona ajabu moja. Tarehe nyingine zilikuwa zimeegemea upande wa kulia wa vyumba vyake, na nyingine upande wa kushoto. Mtu asiyejua huona ni upuuzi wa urembo tu, lakini hiyo ndiyo dalili yenyewe. Usipoipanga mwenyewe, Excel huweka tarehe na namba kulia, na maneno huyaweka kushoto. Kijana alipoandika 15/07/2023, kompyuta ilitafuta mwezi wa kumi na tano, isiupate, ikayahesabu maandishi yale kuwa ni maneno matupu. Alipoandika 03/07/2023 ikakubali mara moja, ikaziweka kilo 38 katika Machi. Mjomba wake alikuwa amepeleka majani mara moja tu, tarehe saba Julai. Hiyo ni 07/07, na kwa desturi zote mbili ni siku ile ile.

Hatari hii yazidi kwetu kwa sababu mwaka wa hesabu wa viwanda vya chai vinavyosimamiwa na KTDA huisha tarehe 30 Juni, na bonasi huhesabiwa kwa mwaka huo. Kilo za tarehe moja hadi sita Julai, zikisomwa kwa desturi ya Marekani, huangukia Januari mpaka Juni, yaani mwaka uliokwisha kufungwa. Kikundi kinaweza kwenda kiwandani na karatasi safi iliyochapwa, kikadai kitu ambacho si haki yake, au kikaacha kudai kilicho haki yake.

Na sasa sikilizeni sana, maana hapa wengi hukosea. Kubadili mpangilio hakuponyi yaliyokwisha kuandikwa. Nilipoiweka kompyuta katika desturi ya Kenya, ile tarehe ya mama ikageuka tu ikaonekana 07/03/2023, yaani ilibaki kuwa Machi vile vile. Zile zilizo kushoto zilibaki maneno. Ilitubidi kuketi na risiti zote na kuandika upya, mimi nasoma, kijana anaandika, siku mbili nzima. Kama wanachama wasingalitunza risiti zao, tusingalikuwa na pa kuanzia. Mama alipewa mkopo wake. Kijana alirudishiwa ufunguo, ingawa mtu aliyemwita mwizi sikumsikia akimwomba radhi.

Kazi yenyewe ya kupanga ni ya dakika tano. Maneno ya kwenye kioo cha kompyuta nayaandika jinsi yalivyo ili upate kuyatambua. Katika Windows 10 bonyeza alama ya Windows, fungua Settings, kisha Time & language, kisha Region. Katika Windows 11 utaona Language & region. Nenda mahali palipoandikwa Regional format, chagua Kiingereza cha Kenya au Kiswahili cha Kenya. Hata Kalenjin imo katika orodha ile, na ukiichagua kompyuta itaita Januari Mulgul na Septemba Bureet. Wazee wa kikundi walifurahi mno kuona hivyo, lakini kwa hesabu za kupeleka kiwandani tuliiacha. Ukimaliza, funga Excel uifungue tena, kisha jaribu kuandika 25/12/2023. Ikienda kulia, umefaulu. Njia nyingine ya salama ni kuandika mwezi kwa herufi, kama 3 Jul 2023, ambapo hakuna wa kubishana.

Usibadili mpangilio wa kibodi pamoja na huo wa tarehe. Kibodi nyingi zinazouzwa kwetu ni za mtindo wa Marekani, na ukichagua mtindo wa Uingereza, ile alama ya barua pepe itabadilishana mahali na alama za kunukuu, nawe utadhani kibodi imeharibika. Hao wenye Windows 10 wajue pia kwamba Microsoft ilimaliza muda wake wa kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haikufa siku hiyo, lakini si vizuri kuweka humo siri za fedha.

Karatasi nayo ina desturi mbili. Sisi hutumia A4, yenye urefu wa milimita 297 na upana wa 210. Wamarekani hutumia ile iitwayo Letter, ambayo ni fupi na pana kidogo. Printa ikisimama bila sababu ikidai karatasi na karatasi imo, tazama hapo kwanza.

Tena, kompyuta ikiwa kila asubuhi inaamka na tarehe ya miaka ya nyuma, betri yake ndogo imekwisha. Ni ya mviringo kama sarafu, mara nyingi ni ile iitwayo CR2032, na bei yake si kubwa.

Sasa nataka kusema juu ya kuongeza vyombo, na la kwanza ni umeme. Kompyuta nyingi za zamani zina swichi ndogo nyuma, karibu na mahali pa kuchomeka waya, nayo imeandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Umeme wetu wa Kenya ni volti 240. Ukiiwasha kompyuta nayo iko kwenye 115, utasikia mlio kama wa bunduki na utaona moshi. Tazama swichi hiyo kabla waya haujagusa ukuta. Kile kisanduku cha chuma cha umeme kilicho ndani usikifungue kamwe, hata baada ya kuchomoa waya, kwa maana hubakiza nguvu ya kumdhuru mtu.

Wajua jinsi radi na mvua ya mawe zinavyotupiga huku Kericho wakati wa alasiri. Wingu likianza kukusanyika, hifadhi kazi yako, zima, uchomoe waya ukutani. Kisanduku cha betri kiitwacho UPS chafaa sana umeme unapokatika ghafla, kikakupa nafasi ya kuzima kwa adabu, lakini radi ya karibu hakiwezi kuizuia.

Ukitaka kuongeza kumbukumbu, ile iitwayo RAM, ichukue ya zamani uende nayo dukani. DDR3 haiingii mahali pa DDR4, na anayelazimisha huvunja. Gusa chuma cha kompyuta kabla ya kushika kadi hiyo, kwa sababu mwili wa mtu aliyevaa sweta ya sufi hubeba umeme wa kutosha kuiua.

Kila chombo kigeni huhitaji programu ndogo ya kukifahamisha kwa kompyuta, nayo huitwa draiva. Windows huipata yenyewe mara nyingi ikiwa kuna intaneti. Kwa printa soma kijitabu chake kwanza, maana nyingine hutaka draiva iwekwe kabla ya kuchomeka waya.

Kikundi chetu kilitaka pia kuunganisha mizani ya kielektroniki, ili wapime wenyewe kabla ya kwenda kituoni. Mizani hizo nyingi hutumia waya wa zamani wenye pini tisa, na kompyuta isiyo na tundu lake huhitaji kiunganishi cha USB. Mizani na kompyuta lazima zipangwe kusema kwa mwendo mmoja. Mwendo huo huandikwa katika kijitabu cha mizani, na mara nyingi ni 9600. Yetu ilipoonyesha herufi za ajabu mahali pa kilo, wanachama walitaka kuirudisha dukani siku ile ile, kumbe mizani ilikuwa kwenye 9600 na kompyuta kwenye 2400. Tulipozilinganisha, kilo 38 zikatokea. Mizani hiyo ni ya kujihakikishia tu. Mkitaka kununulia na kuuzia kwayo, sheria yataka kwanza ikaguliwe na kupigwa muhuri na mkaguzi wa mizani na vipimo.