Kompyuta na Upangaji wa Miji: Funzo la Kielelezo cha Forrester

0. Utangulizi

Mji haufanyiwi majaribio kama dawa katika maabara. Anayebomoa mtaa ili aone matokeo hawezi kuurudisha pamoja na wakazi wake waliokwisha kutawanyika. Kwa sababu hiyo wataalamu wa upangaji wa miji wametafuta njia ya kuuiga mji kwa hesabu, ili waujaribu huo wa kuigwa kabla ya kuugusa ule wenye watu. Katika makala haya tutaeleza kielelezo kimoja mashuhuri, kisha tutauliza ni nani hasa anayesema pale kompyuta inapotoa jibu.

1. Kielelezo chenyewe

Mwaka 1968 John Collins, aliyekuwa amemaliza muda wake wa umeya wa Boston, Marekani, alikwenda kufundisha katika chuo cha MIT. Huko alikutana na Jay Forrester, mhandisi wa kompyuta. Mazungumzo yao yalizaa kitabu kiitwacho Urban Dynamics, kilichotolewa mwaka 1969.

Msingi wa kielelezo ni hesabu nyepesi. Mtaa ukiwa na nyumba 1000, zikajengwa 50 na kuanguka 20, mwaka ufuatao utakuwa na nyumba 1030. Ugumu huanza pale hesabu moja inapoitegemea nyingine. Kazi zikiwa nyingi, wageni huhamia. Wageni wakizidi, nyumba hazitoshi. Nyumba zisipotosha, mji hupoteza mvuto wake na wahamiaji hupungua. Akili ya mtu haiwezi kufuata mizunguko mingi ya namna hiyo kwa pamoja, lakini kompyuta huifuata pasipo kuchoka. Forrester aligawa biashara, nyumba na watu katika makundi matatu matatu, akaviweka vyote katika ardhi ya ekari 100,000 isiyoongezeka, kisha akauacha mji huo ukue kwa miaka 250 ya hesabu.

2. Jibu na mashaka yake

Jibu liliwashtua wengi. Kielelezo kilionyesha kwamba kuwajengea maskini nyumba za bei nafuu huudhoofisha mji, kwa kuwa nyumba hizo hukalia ardhi ya biashara na kuwavuta watu wengi kuliko kazi zilizopo. Sera iliyopendekezwa ilikuwa kubomoa kila mwaka asilimia 5 ya nyumba za maskini na kuhimiza biashara mpya.

Je, kompyuta ilikosea kujumlisha? Hapana. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Kielelezo kilikuwa na mpaka, na vitongoji vya jirani havikuwemo ndani yake. Maskini aliyeondoka aliingia katika eneo la nje lisilo na kikomo, na tangu hapo hakuhesabiwa tena. Hivyo mji ulionekana kupata nafuu, bila mtu kujua kama waliohama nao walipata nafuu. Aidha, viwango vingi vilitokana na maoni ya watu wenye uzoefu kuliko takwimu zilizokusanywa. Mwaka 1973 Douglass Lee alichapisha makala yaliyoorodhesha dhambi saba za vielelezo vikubwa vya miji, miongoni mwake kutaka kueleza kila kitu kwa pamoja, kuhitaji takwimu nyingi mno, na kugharimu fedha nyingi.

3. Hitimisho

Hata hivyo si haki kuvitupa vielelezo. Forrester alichapisha milinganyo yake kitabuni, na ndiyo maana wapinzani wake waliweza kuonyesha kwa kidole mahali penye kasoro. Tulinganishe na Lubumbashi, mji ulioanzishwa mwaka 1910. Wakoloni waliutenga mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika kwa ukanda usiojengwa, wakidai kwamba wanalinda afya. Neno afya lilifunika ubaguzi, wala hapakuwa na mlinganyo ambao mkazi wa ng'ambo ya ukanda angeweza kuusoma na kuupinga.

Basi mwanafunzi atakayeletewa ramani ya ubomoaji pamoja na jibu la kompyuta asiridhike na jibu peke yake. Aombe milinganyo, kisha aulize: mpaka umechorwa wapi? Ni nani waliohesabiwa? Na wale watakaohamishwa, je, wataendelea kuhesabiwa huko waendako?