Waliizika Pacers mara tatu, ikaamka zote

NEW YORK, MAREKANI

KAMA kuna mashabiki wanaojua uchungu wa kummaliza mtani kwa mdomo kabla mechi haijaisha, ni wale wa New York Knicks. Msimu wa 2024-25 wa Ligi ya Kikapu ya Marekani (NBA) waliizika Indiana Pacers mara tatu, na mara zote tatu maiti iliamka.

Mazishi ya kwanza yalikuwa Oktoba 25, 2024. Knicks ikiwa kwake Madison Square Garden iliichapa Pacers 123-98. Kikosi kilikuwa kimesukwa upya: Karl-Anthony Towns katoka Minnesota, Mikal Bridges kaletwa kwa gharama ya haki tano za kuchagua chipukizi raundi ya kwanza. Pacers ikazidi kudorora, mechi 25 za mwanzo ikashinda 10 tu. Basi watu wa New York wakahitimisha kwamba kutolewa kwao na Pacers msimu uliotangulia ni kwa sababu tu Knicks ilijaa majeruhi.

Hapo ndipo walipoteleza. Walisoma msimamo wa ligi, hawakusoma orodha ya majeruhi ya mwenzao. Pacers iliwapoteza wachezaji wawili warefu wa katikati, James Wiseman na Isaiah Jackson, msimu ukiwa ndiyo kwanza umeanza, na Aaron Nesmith naye akakaa nje muda mrefu. Mambo yalipotulia, ilimaliza na ushindi wa mechi 50, mmoja pungufu ya Knicks.

Mazishi ya pili yalikuja Aprili 2025. Katika kura ya siri ya wachezaji wa NBA, Tyrese Haliburton wa Pacers aliongoza kwa kutajwa kuwa anasifiwa kuliko uwezo wake. Wapinzani wakapata wimbo. Jamaa hakujibu kwa maneno. Aliizima Milwaukee Bucks sekunde za mwisho, kisha Cleveland Cavaliers, timu iliyoshinda mechi 64, ikaliwa 4-1.

GARDEN YANYAMAZA

Mazishi ya tatu ndiyo yanayouma mpaka leo. Mei 21, 2025, mechi ya kwanza ya fainali ya Ukanda wa Mashariki. Zikiwa zimebaki dakika chini ya tatu, Knicks inaongoza kwa pointi 14. Nani angebisha kwamba imeisha?

Nesmith akaanza kutupia za pointi tatu moja baada ya nyingine, sita katika robo ya nne pekee. Mwishoni Haliburton akaachia mpira, ukagonga chuma, ukaruka juu, ukatulia kidogo na kuingia. Akajishika koo kama Reggie Miller alivyowafanyia hapohapo mwaka 1994. Kumbe mguu ulikanyaga mstari, zikahesabiwa mbili, ubao ukasoma 125-125. Dakika za nyongeza Pacers ikamaliza kazi 138-135.

Ikashinda mfululizo huo 4-2, na Mcameroon Pascal Siakam akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa fainali hiyo. Siku tatu baadaye, kocha Tom Thibodeau akatimuliwa, ingawa ndiye aliyeifikisha Knicks hatua hiyo kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2000.

KICHEKO KIMEKAUKA

Juni 22, mechi ya saba ya fainali dhidi ya Oklahoma City Thunder, Haliburton alikuwa ameshafunga pointi tisa kwa dakika saba tu pale kano ya kisigino ilipokatika. Pacers ilikwenda mapumziko ikiwa mbele 48-47, lakini ikalala 103-91.

Yule waliyedai anasifiwa bure alipotoka, kila mtu akaona pengo lake. Shabiki wa kweli wa Knicks hakuwa na la kushangilia hapo. Watani wa Simba na Yanga wanalijua somo hili: mtani mcheke, lakini subiri filimbi ya mwisho.