Je, Wajua? Singida Kando ya Barabara

Je, wajua kuwa Kilimatinde, mji mdogo wa wilaya ya Manyoni ulio juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, umo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO? Tanzania iliiwasilisha mwaka 2006 njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara hadi Ujiji. Abiria wa basi la Dodoma kwenda Singida huachana na Kilimatinde bila kujua wamekiacha nini.

Ukivuka Manyoni kuelekea Itigi unaingia katika nyika ambayo wapagazi waliiita Mgunda Mkali. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliipita mwaka 1857. Maji yalikuwa ya kubahatisha, vichaka vizito, na misafara ilitembea hata jua likiwa utosini ili tu ifike kwenye kisima kinachofuata.

Je, wajua kuwa alama moja ya kumbukumbu inayotajwa kwa maandishi katika nchi ya Wanyaturu, wenyeji wa Singida, ilichongwa kwenye mti? Januari 1875, Henry Morton Stanley akielekea Ziwa Viktoria na mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande, alimzika Edward Pocock, kijana wa Kent aliyefariki kwa homa mahali alipopaandika Chiwyu. Kaburi lilichimbwa chini ya mgunga, na kwenye shina Stanley akachonga msalaba.

Siku chache baadaye, mwezi huohuo, yalizuka mapigano kati ya msafara wake na Wanyaturu mahali alipopaita Vinyata. Yalidumu siku tatu. Msafara ulipoteza watu zaidi ya 20, wengi wao Waungwana wa Zanzibar na pwani, nao ukachoma vijiji na kuchukua nafaka. Kisa hiki tunakijua zaidi kwa kalamu ya Stanley, mtu wa upande mmoja. Kwa maoni yangu, kibao kikisimamishwa kwa ajili ya siku zile kisimtaje Pocock peke yake. Kiwataje wapagazi waliolala huko bila msalaba, na Wanyaturu waliokuwa wakilinda nyumba zao.

Kaka yake Edward, Frank, alizama katika mto Kongo mwaka 1877. Mzungu wa tatu aliyefuatana na Stanley, Frederick Barker, naye alifia njiani, kando ya Ziwa Viktoria.

Madereva wa malori wa njia ya Nzega wanaujua Mlima Sekenke kwa mteremko wake kabla ya Shelui. Je, wajua kuwa dhahabu ya Sekenke iligeuka sarafu? Iligunduliwa mwaka 1907. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, meli za Uingereza zilifunga bahari, na Wajerumani wakaishiwa fedha za kuwalipa watu wao. Mwaka 1916, katika karakana ya reli Tabora, wakapiga sarafu ya rupia 15 kwa dhahabu iliyotoka Sekenke. Upande mmoja una tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, na herufi T ya Tabora. Zilipigwa 16,198 tu, na leo wakusanyaji wa sarafu Ulaya na Marekani huziuza kwenye minada. Laiti moja ingewekwa mahali ambapo mtoto wa Shelui angeiona!

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912. Waingereza nao, katika miaka ya 1930, walitandika tawi kutoka Manyoni hadi Kinyangiri, kisha wakaling'oa miaka ya 1940. Tawi la leo linaishia Singida mjini.

Mkoa wa Singida wenyewe ulianzishwa Oktoba 1963, ukitengwa na Mkoa wa Kati.

Na wapenzi wa soka, je, mwajua kuwa Uwanja wa Liti, uliokuwa ukiitwa Namfua, una jina la mwanamke? Liti alikuwa Mnyaturu aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na simulizi za wazee husema aliwatumia nyuki kuwatimua askari. Singida bado ni mkoa wa asali, hivyo kisa hicho hakihitaji maelezo marefu kwa wenyeji. Wageni wanaofuata timu zao wanahitaji maelezo hayo. Ubao mmoja kwenye lango kuu, wenye jina lake na alichokifanya, ungewatosha kusoma wakiwa kwenye foleni ya tiketi.