Tone la damu ku kisigino

Sisi wa sendika, watu wamezoea kutuona kwa mambo ya mushahara, ya posho, ya kofia na viatu vya kazi. Leo tunaandika juu ya tone moja la damu ya mutoto mwenye kuzaliwa. Wamoja watasema: ile ni kazi ya waganga, nyie inawahusu nini? Inatuhusu, juu wakati kuko kilio ni sisi tunazungushaka karatasi ya muchango.

Kuko rafiki mumoja wa ekipe yetu, anaendeshaka camion ya mawe. Karatasi tuliizungusha kwake mara mbili katika miaka tatu. Mutoto wa kwanza alikufa na mwaka moja na miezi ine. Ku hospitali waliandika malaria na upungufu wa damu. Wa pili hakufikisha miaka mbili: tena upungufu wa damu. Kwa kilio cha pili, shangazi ya watoto alisimama mbele ya watu na kusema kama mama yao ndiye anawakula. Yule mama akarudi kwao, iko na mimba ya tatu. Na sisi wadelege, wenye kujua kusoma, hatukuuliza swali moja: hawa watoto, damu yao ni ya namna gani?

Mahali pengine lile swali wanaliulizaka mbele mutoto atoke ku maternite. Katika miaka ya 1960 huko Marekani, munganga mumoja, Robert Guthrie, alipata njia rahisi: unatoboa kisigino cha mutoto, unaangusha matone kwa karatasi nzito yenye kunywa wino, unaikausha, unaituma ku laboratwari, hata na posta. Alikuwa anatafuta ugonjwa wa fenilketonuria. Mwili unashindwa kuvunja kitu fulani chenye kuwa ndani ya chakula, kinajaa kwa damu, kinaharibu bongo. Ukiujua siku za kwanza, mutoto anapewa chakula chake cha pekee na anakomaa na akili yake. Ukichelewa, hakuna kurudi nyuma. Guthrie mwenyewe alikuwa na mutoto mwenye kilema cha akili ndani ya nyumba, tunafikiri ile nayo ilimusukuma. Ufaransa walianza kupima watoto wao 1972.

Kwetu hapa Kongo, haina fenilketonuria inajaza makaburi ya watoto. Ni SS, ile waganga wanaita drepanositozi. Lakini kisigino ni kile kile, na karatasi inaweza kuwa ile ile.

Huko Kinshasa, profesa Léon Tshilolo wa hospitali ya Monkole na wenzake walipima watoto wachanga kupita 31 000, matokeo yakatoka 2009. Kwa kila watoto 100, kupita mumoja alikuwa SS, na karibu 17 walikuwa AS. Hesabu ile ndani ya kamp yenu, kisha hesabu vilio vyenye mulienda.

SS ni nini? Ndani ya damu kuko chembe nyekundu zenye kubeba hewa. Za mutu mwengine ni za mviringo, zinapita fasi yote. Za mutu wa SS zinajikunja kama mundu, zinakwama kwa mishipa midogo, na zinavunjika mbio. Chembe ya kawaida inaishi karibu siku 120. Yao inaishi siku kumi ao makumi mbili. Ni vile damu inaisha, macho yanakuwa manjano, mifupa inauma mupaka mutoto analia usiku muzima.

Sasa musikilize pale penye wazazi wanadanganywa. Miezi ya kwanza mutoto iko muzuri, ananyonya, ananenepa. Juu anazaliwa na damu ya ndani ya tumbo, ile haijikunje, na inamulinda. Karibu miezi sita ile damu inapunguka, na mambo yanaanza: mikono na miguu inavimba (tate anasema ni upepo), homa, bandama inakomaa chini ya mbavu za kushoto. Mara ingine bandama inakunywa damu yote ya mwili kwa saa chache, na mutoto anakufa mbele baba atoke kazi ya usiku. Kwa hiyo kupima wakati mutoto anaonekana muzima haiko kupoteza makuta.

Na juu ya yule shangazi. Mutoto hawezi kuwa SS kama hakuokota S moja kwa baba na S moja kwa mama. Wazazi wote wawili wanakuwa na kitu. Mara mingi ni AS, na mutu wa AS haiko mugonjwa: anafanya kazi ku mine kama wewe na miye, hata malaria kali inamuogopa kidogo, na ni ile imefanya S ienee sana katika inchi za malaria. Wakioana wawili wa AS, kila mimba inaanza bahati yake upya: sehemu moja kwa ine mutoto awe SS, mbili awe AS, moja awe AA. Haisemi kama ukishazaa mumoja wa SS, watatu wenye kufuata wako salama. Kwa rafiki yetu ilifuatana. Nusu ya ile bulozi ilitoka kwa kaka ya yule shangazi.

Ukijua mapema, kuko mambo ya kufanya, na haiko ya ajabu. Penisilini ya kunywa kila siku, tangu miezi ya kwanza mupaka miaka tano. Huko Marekani 1986 walionyesha kama inapunguza maambukizo makali ya damu kwa 84 kwa mia kwa watoto wa SS. Ni kisha ile walianza kukaza kupima wote kwa kuzaliwa. Chanjo zote bila kuruka. Moskitero. Maji mingi. Mama anafundishwa kushika bandama na vidole vyake. Kisha kuko hidroksiurea. Ile walijaribu kwa watoto kupita 600 wa Angola, Kenya, Uganda na hapa kwetu Kinshasa: maumivu yalipunguka, kuongezewa damu kulipunguka, malaria ilipunguka, hata vifo. Inaomba munganga wa kuifuata na kupima damu mara kwa mara, haiko dawa ya kununua ku ligablo.

Tuseme mambo mbili juu ya kipimo, juu watu wanakosea hapo. Kile cha zamani, test ya Emmel, hakitenganishe AS na SS, na kwa mutoto muchanga kinaweza kusema hakuna kitu na kumbe kitu kiko. Muulize elektroforezi, ao vile vipimo vipya vya mbio vyenye kutumia tone moja na kujibu palepale. Ya pili: mutoto akishawekewa damu ya mutu mwengine, kipimo kitasoma damu ya yule mutu. Inaomba kupima mbele, ao kungoja karibu miezi tatu.

Tulipeleka hii maneno ku mazungumzo na kampuni. Kode ya Kazi ya 2002 inamulazimisha mwenye kazi kutunza mufanyakazi na jamaa yake wakiwa wagonjwa. Jibu lilikuwa: mutoto mwenye kuzaliwa haiko mugonjwa, tulipe nini? Ku meza tulicheka, si kwa furaha. Wanapima camion mbele iharibike, wanabadilisha mafuta kwa saa zake, hawangoje injini iungue. Tukauliza kitanda cha hospitali, mifuko ya damu na siku za baba kukosa kazi, nani anazihesabu. Hawakujibu. Waliandika tu kama «litaangaliwa».

Tunaomba tone lichukuliwe ku maternite, mbele mama arudi nyumbani, kwa wote, hata wale wa sous-traitance wenye mikataba ya miezi tatu. Juu ya wachimbaji wa mikono hatuna meza ya kuongelea, na tunaona haya kuandika vile. Wao wanalipa na mufuko wao, ao hawapime. Tena jibu la kipimo liende mu mikono ya wazazi tu, lisipite ku ofisi ya wafanyakazi. Mutoto akisoma AS ao SS, baba naye amesomwa, na hatutaki kesho mutu akataliwe kazi juu ya herufi.

Yule mama alizalia kwao. Munganga wa maternite, mwanamuke, alimuuliza: «Mama, umezaa mara ngapi? Na wangapi wako?» Mama akajibu: «Huyu ni wa tatu. Iko peke yake.» Munganga hakuuliza ingine, alienda kuleta sindano. Ilikuwa SS. Baba alipimwa, akaona AS yake na macho yake, akanyamaza siku mbili, kisha akaenda ku bakwe kuomba musamaha na kurudisha bibi yake.

Mutoto leo iko na miaka ine. Amelala hospitali mara mbili, mara zote mbili alitoka na miguu yake. Asubuhi mama anamushika chini ya mbavu mbele ya kumuvalisha. Na baba akitoka kazi ya usiku, bado iko na vumbi kwa uso, kitu cha kwanza anauliza ni kama mutoto amekunywa maji.