Neno "Kazi" na Majina ya Wenye Kazi

Katika maswali ambayo mwalimu humwuliza mtoto siku ya kuandikwa shuleni, liko moja lionekanalo jepesi kuliko yote: Baba yako anafanya kazi gani? Sote twajua jinsi linavyojibiwa mara nyingi: "Hana kazi, analima tu." Na akiulizwa habari za mama hujibu, "Yuko nyumbani tu." Mwalimu huandika hivyo hivyo, akafunga daftari, wala hakumbuki kwamba watu hao wawili huamka kabla ya jua. Mtoto hakusema uongo. Amejibu swali kama alivyolisikia, na kosa, kama liko, limo katika neno kazi lenyewe, ambalo siku hizi lina maana mbili zisizopatana.

Tuanze na salamu, kwa kuwa salamu hutunza maana za zamani kuliko mazungumzo mengine. Mpita njia akimwona mwanamke anatwanga, au akimkuta mtu na jembe lake shambani, humwambia, "Pole na kazi," naye hushukuru. Hakuna aonaye kwamba neno limetumika vibaya. Lakini mgeni na aje saa ile ile, amwulize mwanamke yule yule, "Wewe unafanya kazi gani?" naye mchi ungali mkononi atajibu, "Sina kazi." Katika salamu, kazi ni jasho, ni shughuli yoyote ichoshayo mwili. Katika swali, kazi ni mahali pa kupata ujira, yaani kuwa chini ya mtu alipaye. Mwanamke yule hajipingi; amesikia maneno mawili yenye sauti moja.

Maana hii ya pili ilikua pamoja na desturi ya kuajiri watu kwa karatasi, na lugha imehifadhi alama zake. Tazama neno kibarua. Asili yake ni barua ndogo, cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa kiwe ushahidi wa siku yake; kisha jina la cheti likamshika mwenye kukichukua, hata leo twasema "yeye ni kibarua," wala hatufikiri karatasi. Tazama tena manamba, jina la watu waliotoka bara kwenda kukata mkonge katika mashamba makubwa ya Tanganyika wakati wa Waingereza. Jina hilo limetokana na namba, kwa kuwa kila mmoja alihesabiwa kwa namba yake. Na huko Kenya palikuwa na kipande, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya vita vya 1914–1918, ambacho mwanamume Mwafrika alipaswa kukichukua, nacho kiliandikwa habari za bwana wake na ujira wake. Mtu wa namna hii alikuwa na kazi iwezayo kusomwa. Aliyebaki nyumbani akilima mtama wake hakuwa na karatasi, na mkewe hakuwa nayo kabisa. Si ajabu basi kwamba neno kazi likaanza kuwaacha.

Linganisha majina hayo na majina ya ufundi yaliyotangulia. Mfinyanzi ametoka katika kufinyanga, msusi katika kusuka, mjenzi katika kujenga, mvuvi katika kuvua, mpishi katika kupika. Konsonanti ya mwisho ya kitenzi yageuka mara nyingi mbele ya -i, na mabadiliko hayo ni dalili ya ukale wa majina haya. Mkulima amechukua hata ile ku- ya kulima, akaiweka ndani ya jina lake. Yapo pia majina yachukuayo mtendwa nyuma yao: mfua dhahabu, mchuma karafuu, mkata kuni. Haya yote humweleza mtu kwa kile atendacho. Ukilisikia jina umekwisha kuona mikono yake. Lakini kibarua na manamba hayasemi mikono ilitenda nini. Manamba aliporudi kwao alilazimika kuanza upya: "Nalikuwa nikikata mkonge."

Yako majina yaliyokuja na bahari. Dobi na sonara yametoka Bara Hindi, nahodha Uajemi, hamali na mwalimu Uarabuni. Hili la mwisho lilikuja na mu- yake, na Kiswahili kikaipokea kana kwamba ni kiambishi chake, tukapata walimu katika wingi. Majina hayo hayana kitenzi cha Kiswahili nyuma yake, lakini yamezoeleka kwa kuonekana: kila mtu wa mjini alimwona dobi na nguo zake. Kwa hiyo jina geni si tatizo maadamu kazi yenyewe iko mbele ya macho.

Turudi kwenye mkulima. Jambo la kustaajabisha ni neno mfanyakazi. Kwa sarufi, mfanyakazi ni kila afanyaye kazi, na mkulima hawezi kukosa kuwamo. Lakini Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililokusudia kumheshimu mkulima, linataja wakulima na wafanyakazi kama makundi mawili. Na hata leo Tanzania ina Sikukuu ya Wafanyakazi tarehe 1 Mei na Sikukuu ya Wakulima tarehe 8 Agosti. Sisemi kwamba waandishi wa Azimio walikosea. Walitumia lugha kama walivyoikuta, nayo ilikwisha kumtoa mkulima katika kazi.

Mama amepata hasara kubwa zaidi. Apikaye kila siku kwa watoto wake haitwi mpishi. Mpishi ni yule apikiaye wengine kwa ujira. Alindaye mtoto wa mwenziwe kwa mshahara huitwa yaya, na ana kazi. Amleaye wake mwenyewe hana. Siku hizi hujazwa katika karatasi maneno mama wa nyumbani. Mimi siyapendi, kwa kuwa yataja mahali alipo wala hayataji analotenda. Mlinzi hatumwiti baba wa mlangoni.

Na mwenye kazi mpya, atawaelezaje watu wa kwao? Mhasibu akisema, "Mimi ni mhasibu," wazee hunyamaza kwa adabu. Kiswahili kina chombo kizuri kwa shida hii, nacho ni kauli ya kutendea. Kushona ni jambo la kila nyumba. "Nawashonea watu" ni biashara. Vivyo hivyo mhasibu na aseme, "Nawahesabia wenye duka fedha zao, nikaangalia kama zilizoingia na zilizotoka zapatana na karatasi." Hapo pana kitenzi, pana mtendewa, pana kitu kishikwacho, na mzee atauliza swali la pili, ambalo ndilo dalili kwamba amefahamu. Mwenye kutunga programu za kompyuta ana shida nyingine: akijiita mwandishi, jirani humletea barua ya kuandikiwa. Afadhali aseme, "Naiandikia mashine maagizo, nayo huyafuata hatua kwa hatua." Jina la kazi lije nyuma, likiwa kama kifuniko cha chungu kilichokwisha kujaa.

Kuhusu daftari la shule, dawa imo katika swali. Mtoto asiulizwe, "Baba ana kazi gani?" Aulizwe, "Baba hushinda akifanya nini?" na "Mama hushinda akifanya nini?" Majibu yatakuja kwa vitenzi: hulima mihogo na kufuga mbuzi, husuka mikeka akauza, huteka maji, hutunza bibi mgonjwa. Neno tu halitapata pa kukaa. Nafasi iliyochapwa katika daftari ni nyembamba, najua, na mkaguzi hupenda neno moja. Lakini ukingo wa karatasi upo, na wino pia.